Anti, wanangu wanaamka saa 10 alfajiri na usiku hawalali

Anti, shikamoo.

Naomba unifiche jina. Ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika, Dar es Salaam. Wa kwanza ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Wa pili ni wa kiume, miaka 9, darasa la nne. Mwaka huu wote wawili wana mtihani wa taifa. Wanasoma shule moja ya binafsi upande wa Tabata.

Shida yangu ni usingizi. Gari la shule linatupitia saa 10:45 alfajiri. Sisi ndio wa kwanza kuchukuliwa. Likitoka hapa linazunguka Buyuni, Majohe, Gongo la Mboto, linaokota watoto mpaka linajaa, shuleni linafika saa moja kasoro. Kwa hiyo saa 10:00 kamili niko chumbani kwao naamsha. Binti namwita mpaka sauti inakauka. Wa kiume siku hizi hata simwamshi: namvalisha soksi akiwa amelala, namnyanyua, namwosha uso, uji anaunywa kafumba macho. Matroni wa gari ananiambia akishakaa tu anamlalia mwenzake begani mpaka getini kwa shule.

Jioni wanafika saa 12:00, foleni ikikaza saa 12:30. Hapo bado kuoga, bado homuweki. Baba yao ana duka Kariakoo, anafika nyumbani saa 3:30 usiku. Chakula tunamsubiri, ndivyo tulivyozoea tangu tuoane. Mdogo hata nikimlaza mapema anajifanya kalala, akisikia geti anatoka mbio. Basi tunakula, wanataniana na baba yao, tamthilia inaendelea, mpaka saa 4:00 na kitu ndipo analala. Akilala anakoroma kama mzee, mdomo wazi, tunamcheka.

Binti ndiye anayenipasua kichwa. Anasema usingizi hauji. Saa 5:30, saa 6:00 usiku bado naona mwanga wa simu ndani ya chandarua. Nikiuliza, anasoma notisi kwenye grupu la darasa. Nikamnyang'anya simu wiki nzima. Usiku mmoja nikachungulia, nikamkuta macho makavu anaangalia dari. Alfajiri ni ugomvi. Juzi kwenye begi lake nimekuta kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, anasema wanakunywa darasa zima saa 9:00 kabla ya masomo ya ziada ili wasisinzie. Jumamosi nikimwacha analala mpaka saa 5:00 asubuhi, na mama mkwe akimkuta ananiambia nalea mvivu.

Sasa mwalimu wa mdogo ameniita. Anasema mtoto ana akili ila anasinzia kuanzia kipindi cha tatu, na amekuwa mgomvi, kitu kidogo analia. Alikuwa wa 6 darasani, sasa ni wa 21.

Mume wangu nikimwambia anajibu kwamba yeye alikuwa anatembea saa nzima kwenda shule na hakufa, watoto wazoee. Mama mkwe anataka niwapeleke bweni wote wawili yaishe. Dada yangu anasema niwahamishie shule ya hapa hapa Chanika. Lakini ile ya sasa inafaulisha, ada tumeshalipa, na mitihani ndiyo hiyo. Kila mtu ana lake, mimi nimebaki katikati. Nifanyeje?

Mama wa wawili, Chanika

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole na alfajiri zako. Umeandika habari za usingizi wa watoto kurasa mbili nzima bila kusema wewe unalala saa ngapi, na mtu anayewasha jiko la uji kabla ya saa 10 bila shaka amelala baada ya wote. Hilo nimeliona, tutalirudia.

Nikikusoma vizuri, una watoto wawili ambao hawalali vya kutosha, kila mmoja kwa sababu yake, na una watu watatu wanaokupa dawa tatu tofauti kana kwamba ugonjwa ni mmoja. Naomba tuwatenganishe watoto kwanza. Madaktari wa usingizi wa Marekani walikaa mwaka 2016 wakapitia tafiti zilizokuwapo, wakashauri kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Wako mdogo analala saa 4 usiku anaamka saa 10: ni saa 6. Binti akilala saa 6 usiku, anapata saa 4. Sikuandikii hivi kukutisha. Nakuandikia ili ukae mbele ya mumeo ukiwa na hesabu mkononi, maana mabishano ya "wamechoka" na "wazoee" hayana mwisho.

Nianze na mdogo, kwa sababu kuna sentensi uliyoiandika kama kichekesho nami nikasimama hapo. Anakoroma kama mzee, mdomo wazi. Mtoto akikoroma siku akiwa na mafua si neno. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku huku anahemea mdomoni aonwe na daktari, kwa sababu huenda ana mafindofindo yaliyovimba au zile tunazoita nyama za puani. Njia ya hewa ikibana, mwili humshtua kidogo kidogo usiku kucha ili avute pumzi, yeye mwenyewe asijue, asubuhi anaamka kama hakulala kabisa. Mtoto wa namna hiyo hata ukimpa saa 10 kitandani bado atasinzia. Usiku mmoja au miwili kaa karibu naye umsikilize. Je, pumzi inakatika kisha anashtuka kama anayepaliwa? Anatoka jasho jingi? Ameanza tena kukojoa kitandani? Mrekodi kwa simu dakika mbili tatu, uende na video hiyo hospitali uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Video inasaidia kuliko maelezo, maana mchana mtoto anakaa mbele ya daktari mzima kabisa. Inawezekana asiwe na chochote. Lakini hili ningelijua kabla sijahamisha mtoto shule.

Ugomvi na vilio alivyoviona mwalimu, navyo usivichukue haraka kuwa ni tabia. Mtu mzima akikosa usingizi anapiga miayo. Mtoto mara nyingi hugeuka mwenye fujo, haambiliki, anagombana mpaka na viatu vyake. Na usingizi wa garini anaoupata begani kwa mwenzake humpunguzia kidogo, usimnyime, ila ni wa kukatikakatika kila gari linaposimama kuchukua mtoto mwingine, haufidii ule wa kitandani.

Sasa tuje jioni. Barua yako yote inalaumu saa 10:45 alfajiri, na kweli ni saa mbaya. Kwa mahali tulipo jua huchomoza takriban kati ya saa 12:00 na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo wanao wanatoka gizani kila siku ya shule. Lakini tazama upande wa pili. Mtoto amefika saa 12 jioni na ameingia kitandani saa 4. Kuna saa nne hapo katikati, na umesema mwenyewe anachokisubiri: geti. Mwanao anapigana na usingizi ili amwone baba yake. Sijui kama mumeo analifahamu hilo. Anayesema "wazoee" ni baba anayedhani mtoto anakesha kwa televisheni.

Ungeweza kuwalisha watoto saa 1:00, homuweki ikaisha, taa ya chumbani ikazimwa saa 2:00. Mdogo angepata saa 8. Bado ni pungufu, lakini saa 8 si sawa na saa 6. Gharama yake ni kwamba siku tano za wiki asingemwona baba yake akiwa macho, na wewe ungekuwa umevunja desturi ya nyumba yako iliyokuwapo tangu ndoa. Sitakuambia hiyo ni gharama ndogo. Nyumba nyingine huchagua njia ya katikati: watoto wanakula mapema, baba anakula na mama akirudi, halafu Ijumaa na Jumamosi ndizo za kukesha pamoja. Pengine mumeo anaweza kupata mtu wa kumfungia duka hata jioni moja katikati ya wiki. Au yeye ndiye awe anamtoa mtoto alfajiri mpaka kwenye gari, wapate robo saa yao, na wewe ulale hiyo robo saa. Utakachoona hakiwezekani kiache. Ila usimwondolee mtoto ile saa ya geti bila kumpa nyingine badala yake, maana ataendelea kujifanya kalala.

Binti ni habari nyingine. Wewe umeona simu, mkwe ameona uvivu. Mimi nimeona kile ulichokiona wiki ulipomnyang'anya simu: macho makavu, anaangalia dari. Hapo ulipata ushahidi kwamba simu si mzizi peke yake. Mtoto akibalehe, saa ya mwili husogea mbele. Homoni ya kuita usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, wengine kwa saa moja, wengine mpaka mbili. Ukimlaza saa 2 usiku hata akikutii atalala chali akihesabu mbao za paa. Hii ndiyo sababu madaktari wa watoto wa Marekani walitoa wito mwaka 2014 kwamba shule za vijana wa rika lake zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka 2019 na kuanza kuitumia 2022. Jiji la Seattle lilisogeza kengele mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Wapo waliodhani vijana wangetumia nafasi hiyo kukesha zaidi. Walipopimwa, walikuwa wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku. Najua hatuishi Seattle. Nakupa hayo ili umtazame binti yako kwa jicho jingine alfajiri ya kesho. Anachoambiwa afanye saa 10 ni kama wewe kuamshwa saa 8 usiku.

Hata hivyo simu nayo ina lawama yake. Mwanga wake usoni ndani ya chandarua huichelewesha zaidi ile homoni ambayo tayari imechelewa, na grupu la darasa halina saa ya kufungwa. Kumnyang'anya ghafla kumeshindikana, tena kunamfanya akose notisi kweli. Labda mkubaliane kwamba saa 4:00 simu zote za nyumba, yako na ya baba zikiwemo, zinachajiwa sebuleni, na kabla ya hapo awe amepiga picha au kunakili anachokihitaji kutoka kwenye grupu. Atanuna. Kama sheria inamhusu yeye peke yake atanuna zaidi, na atakuwa na haki.

Lile kopo nadhani ndilo linalofanya kazi kubwa usiku kuliko unavyofikiri. Kafeini inayoingia saa 9 alasiri, nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, yaani saa 2 usiku. Saa 7 usiku bado robo yake inazunguka. Ongeza chai ya rangi kama mnakunywa na chakula cha usiku. Kwa hiyo anakunywa ili asisinzie mchana, anakosa usingizi usiku, kesho anakunywa tena. Usimgombeze, darasa zima linafanya hivyo. Mweleze tu hesabu hiyo, yuko kidato cha pili ataielewa, mjaribu wiki mbili bila kopo. Siku za kwanza kichwa kinaweza kumuuma.

Na Jumamosi yake si uvivu, analipa deni. Tatizo ni kwamba akiamka saa 5 asubuhi, Jumapili usiku mwili hautakubali kulala, na Jumatatu ndiyo inakuwa siku mbaya kuliko zote. Aamke saa 2 au saa 3 asubuhi, kisha alale kidogo mchana kabla ya saa 10 jioni, kungemkalia vizuri zaidi. Mama mkwe mwambie Anti ndiye amesema. Hapo nakuruhusu kunitumia mimi.

Tuje kwenye bweni. Kwa mdogo, mkwe wako apewe taarifa kwamba mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, hivyo mwaka huu mlango huo umefungwa. Kwa binti, bweni litamwondolea foleni na gari, hilo ni kweli. Lakini usidhani bweni maana yake ni kulala. Ziko shule za bweni zinazoamsha saa 10 hiyo hiyo kwa usafi na kujisomea, na taa zinazimwa saa 5 usiku. Kenya wana kanuni za elimu za 2015 zinazotaja saa za mwanafunzi wa bweni kuwa kitandani: saa 3:30 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Huo ni usiku wa saa 8 na nusu, uutumie kama kipimo. Ukienda kuulizia nafasi, usiulize ufaulu tu. Uliza taa zinazimwa saa ngapi, kengele ya kwanza saa ngapi, kisha mtafute mwanafunzi umuulize hayo hayo pembeni.

Kuhusu kuhama, dada yako ana hoja. Shule ya karibu ingempa kila mtoto karibu saa tatu kwa siku ukijumlisha asubuhi na jioni. Umesema ile ya sasa inafaulisha. Nakuuliza tu, kwa upole: inamfaulisha mtoto aliyelala kuanzia kipindi cha tatu? Pamoja na hayo, kuhama mwaka wa mtihani kuna usumbufu wa usajili, ada iliyolipwa huenda isirudi, na binti wa miaka 15 kuachanishwa na marafiki zake ghafla ni jambo linaloweza kumkosesha usingizi kwa namna nyingine. Ukiona ndiyo njia, labda ya Januari kuliko ya sasa.

Kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: gari lenyewe. Njia limepangiwa na binadamu. Nyie mnachukuliwa wa kwanza, na naomba uangalie jioni mnashushwa wa ngapi. Kama asubuhi ni wa kwanza na jioni ni wa mwisho, watoto wa Chanika wanalipa mara mbili kwa ada ile ile. Tafuta wazazi wawili watatu wa upande wenu, muende pamoja kuomba mzunguko ugeuzwe kila muhula, au gari dogo liwachukue wa mbali moja kwa moja. Wengine huchangishana gari la dereva wanayemfahamu, watoto wakakutana na gari la shule Gongo la Mboto. Hiyo inaweza kuokoa nusu saa ya kulala, kwa gharama ya fedha na ya kusimama barabarani gizani, kwa hiyo lazima awepo mtu mzima. Bodaboda kwa saa hiyo sikushauri.

Na mumeo? Usiende kwake na neno "wanateseka", atajibu kwa utoto wake. Muulize kuhusu utoto huo kwa nia ya kusikia. Alikuwa anatembea saa nzima, sawa. Jua lilikuwa limetoka? Usiku uliotangulia walikuwa wanalala saa ngapi, nyumba ile ilikuwa na umeme? Wengi wa rika letu tuliokulia vijijini, saa 2 usiku tulikuwa tumeshalala, na kule kutembea kwenye mwanga wa asubuhi kulituamsha vizuri. Inawezekana baba yao alilala kwa muda wa saa 9 kila siku bila kujua kwamba ni neema. Akilitamka mwenyewe litamwingia kuliko ukilitamka wewe.

Kama bado ana shaka, subirini likizo ya Juni. Waacheni walale bila kuamshwa. Siku za mwanzo watalala sana, hizo msizihesabu. Baadaye muandike kila mmoja amelala saa ngapi na ameamka mwenyewe saa ngapi, na kama mdogo bado ni mgomvi. Mtakuwa na jibu la watoto wenu wenyewe, na ni karatasi nzuri ya kwenda nayo shuleni kuzungumza habari za gari.

Sehemu inayomhusu binti, mpe aisome. Umenieleza anachokisema mkwe, mume, dada na mwalimu, ila sikuona mahali ambapo mtu alimuuliza yeye angependa kianze kubadilika kipi.